Kiti Hakigawanyiki

Watu wanaozungumzia tamthilia za wafalme na malkia wa kale hubishana zaidi juu ya mambo mawili, mavazi na maneno. Mmoja atasema kwamba joho lile halikuvaliwa karne ile, mwingine atasema kwamba malkia hakuwahi kumjibu waziri wake kwa ukali wa namna ile, na wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye aliyesoma zaidi kuliko wenziwe, atakumbusha kwamba mfalme mwenyewe alikuwa na kitambi ilhali mwigizaji ni kijana mwembamba. Nimeshiriki mabishano hayo kwa muda mrefu na siyadharau. Hata hivyo, nimefikia kuamini kwamba yanaliacha pembeni jambo linaloziendesha tamthilia hizi zote, ziwe za Istanbul, za London au za kwingineko, nalo ni kanuni ya urithi. Ukijua kiti cha enzi kinarithiwaje katika nchi fulani, utajua kabla ya sehemu ya kwanza kwisha ni nani atakayemwogopa nani, ni mama yupi atakayekosa usingizi, ni ndoa ipi itakayojadiliwa na mawaziri, na hata kama kifo cha mfalme kitatangazwa papo hapo au kitafichwa.

Huenda nauona mkazo huo kwa sababu ya mahali ninapotazamia. Mombasa ni mji wa mirathi. Nyumba nyingi za Mji wa Kale, kuanzia Kibokoni hadi Kuze, zina wenyewe zaidi ya mmoja, kwa kuwa babu alifariki, wanawe wakafariki, na wajukuu waliotawanyika hawajakubaliana kuuza wala kujenga. Katika jamaa za Kiislamu hata kijana asiyependa hesabu anajua kwamba mke aliyeachwa na watoto hupata thumni, na kwamba fungu la mwana wa kiume ni sawa na mafungu ya mabinti wawili. Mzozo ukishindikana nyumbani hupelekwa kwa Kadhi, ambaye mamlaka yake juu ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu yametajwa katika Kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010. Kwa hiyo tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili inapoingia sebuleni mwetu, haiingii mahali pageni. Shangazi yangu, ambaye hakubali kuitwa mezani kabla ya kipindi kumalizika, aliniuliza jioni moja, baada ya kuwaona wana wa sultani wakiviziana, "Mwanangu, kwani hawa hawana kadhi?" Nikamjibu, "Wanao, Shangazi, tena wengi. Lakini shamba hugawanywa, kiti hakigawanyiki."

Aliyekuwa akizungumziwa ni Süleyman wa tamthilia ya Muhteşem Yüzyıl, iliyoonyeshwa Uturuki kuanzia mwaka 2011 hadi 2014. Halit Ergenç aliigiza nafasi ya sultani huyo, aliyeitawala dola ya Uthmaniya tangu 1520 hadi 1566, na Meryem Uzerli akaigiza, mpaka alipoiacha kazi hiyo njiani, nafasi ya Hürrem, kijakazi kutoka nchi ambayo leo ni sehemu ya Ukraine, aliyepanda cheo hadi akawa mke halali wa sultani. Katika dola ile hapakuwa na sheria iliyosema kwamba mwana wa kwanza ndiye mrithi. Kila mwana wa sultani aliweza kukidai kiti, na kanuni inayonasibishwa na Mehmed wa Pili, yule aliyeiteka Istanbul mwaka 1453, ilimruhusu atakayekipata kuwaua ndugu zake ili nchi isipasuke. Tena ilikuwa desturi kwamba suria akishamzalia sultani mwana wa kiume hazai naye tena, bali huandamana na mwanawe anapopelekwa kutawala jimbo, hivi kwamba kila mwana ana mama wake wa kumpigania na kila mama ana mwana mmoja wa kumpigania.

Hürrem aliivunja desturi hiyo. Alizaa wana kadhaa, akaolewa, akabaki katika mji mkuu. Mahidevran, suria mwenziwe aliyemtangulia, alikuwa na mmoja tu aliyefikia utu uzima, Mustafa, kijana aliyependwa na askari na aliyewazidi umri wana wote wa Hürrem. Hesabu yake si ngumu. Mustafa akitawala, wana wa Hürrem watauawa wote, na mama yao atabaki hai kuwalilia. Shangazi humchukia Hürrem kwa moyo wake wote, na watayarishaji bila shaka walitaka achukiwe, kwa maana wamempa vitimbi vya kutosha mtaa mzima. Mimi nadhani wamemwonea. Wivu, sumu na maneno ya chini chini ndiyo yanayojaza muda wa sehemu 139, lakini mwanamke yeyote, hata awe mpole kiasi gani, angewekwa chini ya kanuni ile angelazimika kuchagua kati ya mtoto wa mwenziwe na watoto wake mwenyewe. Mwaka 1553 Mustafa aliitwa katika hema la baba yake karibu na Ereğli, akanyongwa humo. Hürrem akafariki mwaka 1558, na mwaka uliofuata wanawe wawili waliobaki, Selim na Bayezid, wakapigana vita karibu na Konya. Bayezid alikimbilia Iran na kuuawa huko mwaka 1561. Kwa maneno mengine, alipoondoka Mustafa kanuni ile haikuondoka. Ilihamia ndani ya tumbo moja.

Kuna aliyeishutumu tamthilia hii kwa sauti kubwa kuliko Shangazi. Mwaka 2012 Recep Tayyip Erdoğan, wakati huo akiwa waziri mkuu, alilalamika kwamba inamwonyesha Süleyman kama mtu wa kasri na wanawake, ilhali alitumia miaka 30 ya maisha yake juu ya farasi. Ni kweli kwamba sultani huyo alikuwa mtu wa vita. Lakini mabishano ya farasi na kasri hayafiki popote, kwa kuwa hema alimouawa Mustafa lilikuwa hema la safari ya vita dhidi ya Iran, na Süleyman mwenyewe alifia kwenye vita, Szigetvár, nchini Hungaria, Septemba 1566. Waziri wake mkuu, Sokollu Mehmed Pasha, aliificha maiti na kuendelea kutoa amri kwa jina la marehemu kwa wiki kadhaa, hadi Selim alipopata habari na kuwasili. Askari waliokuwa wakipigana hawakujua kwamba wanampigania maiti. Ninauweka mfano huu akiba, kwa sababu nitauhitaji tutakapofika Unguja.

Kanuni ilipobadilika, tamthilia nayo ilibadilika. Murad wa Tatu aliwaua ndugu zake watano alipotawazwa mwaka 1574, na Mehmed wa Tatu akawaua 19 mwaka 1595. Jambo hilo liliwachukiza watu wa Istanbul, na kuanzia mwaka 1617, Mustafa wa Kwanza aliporithi baada ya kaka yake, kiti kilianza kwenda kwa mkubwa wa ukoo badala ya kupiganiwa na wana. Wana wa kifalme wakawa hawauawi kwa urahisi kama zamani, bali wanafungiwa katika vyumba vya kasri kwa miaka mingi. Tamthilia iliyofuata, ile ya Kösem, iliyoonyeshwa kati ya 2015 na 2017, inatokea katika kasri lilelile, lakini hofu yake ni ya aina nyingine, hofu ya mtu anayesikiliza nyayo nje ya mlango bila kujua kama zimeleta taji au kamba. Wengi waliona haifikii ile ya kwanza. Kwangu mimi ndiyo iliyo na akili zaidi, ingawa naungama kwamba baadhi ya sehemu zake ni ndefu kuliko safari ya Lamu kwa barabara.

Uingereza ya Henry wa Nane ilikuwa na taabu iliyo kinyume cha hiyo. Istanbul kulikuwa na wana wengi mno. London walikuwa wachache mno. Henry alitawala kuanzia 1509 hadi 1547, na katika ndoa yake ya kwanza na Catherine wa Aragon, iliyodumu zaidi ya miaka 20, mtoto mmoja tu ndiye aliyekua, naye ni binti, Mary, aliyezaliwa mwaka 1516. Sheria haikumkataza mwanamke kutawala, lakini hakuna aliyekuwa na hakika kwamba wakuu wa nchi wangemkubali, na vita vya nusu karne iliyotangulia baina ya koo mbili zilizogombea taji vilikuwa havijasahauliwa. Yaliyofuata yanajulikana hata kwa wasiopenda historia: kuachana na Kanisa la Roma, Anne Boleyn kumzaa binti mwingine mwaka 1533 na kukatwa kichwa mwaka 1536, Jane Seymour kumzaa Edward mwaka 1537 na kufariki siku chache baadaye. Wake sita, na aliyepatikana ni mvulana mmoja aliyetawazwa akiwa na miaka tisa na kufariki akiwa na 15.

Hapa ndipo ninapotaka kuonyesha kosa la kweli la tamthilia, lililo tofauti na kosa la kitambaa au kitufe. The Tudors, iliyoonyeshwa kati ya 2007 na 2010, ilimfanya Henry awe na dada mmoja anayeitwa Margaret, akaolewa na mfalme mzee wa Ureno, akamuua, kisha akaolewa na Charles Brandon. Henry wa kweli alikuwa na dada wawili waliofikia utu uzima. Margaret aliolewa na James wa Nne wa Scotland. Mary aliolewa mwaka 1514 na Louis wa Kumi na Mbili wa Ufaransa, mzee aliyefariki baada ya miezi michache kwa kifo cha kawaida bila kusaidiwa na mkewe, na baada yake ndipo Mary alipoolewa na Brandon. Watayarishaji waliwaunganisha hao wawili, labda ili mtazamaji asichanganyikiwe na wanawake wawili wenye jina la Mary. Watu walicheka kuhusu Ureno. Sikuona wengi waliosema kwamba kwa kuwaunganisha dada hao, tamthilia ya urithi imekata matawi mawili ya urithi. Lady Jane Grey, aliyewekwa juu ya kiti kwa siku chache mwaka 1553, alikuwa mjukuu wa huyo Mary wa Brandon. James wa Scotland, aliyelitwaa taji la Uingereza mwaka 1603 baada ya Elizabeth wa Kwanza kufariki bila mtoto, alikuwa kitukuu wa Margaret. Henry aliitikisa nchi ili kizazi chake kikae, na mwishowe kiti kikaenda kwa kizazi cha dada yake, ambaye katika tamthilia ile hakuwahi kuolewa Scotland. Kejeli kubwa kuliko zote katika kisa hicho imefutwa ili kuokoa majina mawili. Mtengenezaji anaweza kunibadilishia rangi ya farasi, umri wa waziri na hata sura ya mfalme, nami nitasamehe. Akiugusa mti wa ukoo, amegusa nguzo.

The Crown ilikabiliwa na tatizo jingine kabisa, na sifa yake kubwa ni kwamba ililitambua. Tamthilia hiyo ya Peter Morgan, yenye misimu sita na sehemu 60 zilizotoka kati ya Novemba 2016 na Desemba 2023, inahusu nyumba ya kifalme ya Uingereza katika zama ambazo kanuni yake ya urithi ilikuwa imekwisha kutulia. Hakuna anayejiuliza nani atarithi, kila mtu anajua orodha. Basi mgogoro utoke wapi? Unatoka kwa wale wanaobanwa na orodha. Edward wa Nane alijiuzulu Desemba 1936 ili amwoe mwanamke aliyekuwa ameachwa, na binti wa mdogo wake, Elizabeth, aliyekuwa na miaka kumi, akajikuta amesogea hadi ukingoni mwa kiti bila kutaka. Margaret, dada wa malkia, alitangaza Oktoba 1955 kwamba hataolewa na Peter Townsend, afisa wa jeshi la anga aliyekuwa ametalikiana na mkewe. Charles, mwana wa malkia, alisubiri hadi nywele zikawa mvi. Hawa hawapigani na ndugu zao kama wana wa Süleyman. Wanapigana na kalenda na desturi, na ndiyo maana tamthilia hiyo imejaa watu waliosimama dirishani wakiwa kimya. Inachosha? Wakati mwingine. Oktoba 2022 mwigizaji Judi Dench aliandika akidai watazamaji waelezwe kwamba wanachotazama ni cha kubuni, na watayarishaji wakaongeza maelezo ya namna hiyo kwenye tangazo la msimu wa tano. Sikuona kama yalihitajika, lakini pia sikuona kama yaliharibu kitu.

Sehemu ya pili ya msimu wa kwanza inatufikisha Kenya, mwezi Februari 1952, na mtazamaji wa Mombasa hukaa sawa kwenye kiti. Binti mfalme na mumewe walikuwa njiani kuelekea Ceylon, Australia na New Zealand kwa meli iitwayo Gothic, iliyokuwa ikiwangojea hapa Mombasa. Hawakuipanda. Mfalme George wa Sita alifariki usingizini usiku wa kuamkia tarehe 6, wakati bintiye alipokuwa Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Aberdare. Habari zilimfikia baadaye, Sagana, naye akarejea London kwa ndege kupitia Entebbe. Tamthilia inatuonyesha ndovu, mti na mume akitoa habari, na Mombasa haionekani. Silalamiki sana, ingawa meli iliyongoja bure bandarini ingefaa kupewa hata nusu dakika. Kinachonivutia ni jambo lenyewe la kisheria, ambalo sehemu hiyo imelieleza vizuri. Mwanamke huyo alikuwa malkia kwa saa kadhaa bila yeye mwenyewe kujua, na hapakuwa na hatari yoyote. Hakuna aliyeificha maiti wala aliyewahi kuizingira nyumba ya mwenziwe. Kanuni ilipokuwa imetulia, kifo chenyewe ndicho kilichomtawaza mrithi, hata akiwa juu ya mti katika nchi ya mbali.

Linganisha na Oktoba 1856, katika bahari hii hii ya Hindi. Seyyid Said bin Sultan, aliyeuhamishia ufalme wake Unguja kutoka Maskati, alifariki melini karibu na visiwa vya Shelisheli, akiwa njiani kurudi. Mwanawe Barghash alikuwa pamoja naye. Kwa mujibu wa kumbukumbu za Salme binti Said, zilizochapishwa mwaka 1886, Barghash hakuacha maiti izikwe baharini kama ilivyo kawaida ya wasafiri. Aliihifadhi, akaifikisha Unguja kwa siri, akaizika usiku, kisha akajaribu kukitwaa kiti kabla ndugu yake Majid hajapata habari. Ni ujanja uleule wa Sokollu, isipokuwa Sokollu alifanikiwa. Majid ndiye aliyetawala Unguja, na kaka yao Thuwaini akabaki Maskati akidai kwamba vyote ni vyake. Salme anaandika kwamba marehemu aliacha watoto 36. Mashamba na fedha zake waliweza kugawana, na waligawana. Kuhusu kiti, palitakiwa mtu wa nje: mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa India kwa niaba ya Uingereza, aliamua kwamba Unguja na Oman ziwe nchi mbili, na kwamba Majid amlipe Thuwaini riale 40,000 kila mwaka kwa kuwa upande wa Unguja ndio uliokuwa na neema zaidi. Kila nikiusoma uamuzi huo nawaona ndugu wawili wa Mji wa Kale, mmoja akibaki na nyumba na kumlipa mwenziwe fidia ya fungu lake. Thuwaini hakuifaidi kwa muda mrefu, kwani mwaka 1866 aliuawa na mwanawe mwenyewe.

Lakini kisa chenyewe kinakolea mwaka 1859. Barghash, aliyekuwa hajakubali, alipanga kumpindua Majid, na waliomsaidia ni dada zake, hasa Khole na Salme. Salme alikuwa na miaka 15. Alichaguliwa kuwa mwandishi wa wala njama kwa sababu alijua kuandika, ujuzi alioupata kwa siri, akinakili herufi za Qurani kwenye mfupa wa bega la ngamia, maana wasichana walifundishwa kusoma tu. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa, anasimulia, dada hao walimtoa akiwa amejitanda mavazi ya kike, wakapita naye mbele ya askari hadi akajiunga na wafuasi wake katika shamba la Marseilles. Waingereza walimsaidia Majid kuuvunja uasi huo, na Barghash akapelekwa Bombay. Aliporudi na hatimaye kutawala baada ya Majid kufariki mwaka 1870, Salme alikuwa ameshaondoka Unguja, amebatizwa Emily, ameolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete, na kufiwa naye mwaka huo huo wa 1870. Alirudi mwaka 1885 pamoja na manowari za Ujerumani, akidai fungu lake la mirathi. Barghash, ndugu ambaye Salme alimwandikia barua na kumtoa kwenye nyumba iliyozingirwa, alikataa hata kuonana naye.

Sijui mtunzi wa tamthilia atake nini zaidi. Kuna mauti yaliyofichwa baharini, kasri lenye lugha nyingi, dada wawili waliompenda kaka mmoja na kumkosea kaka mwingine, na msichana ambaye kalamu yake ndiyo kosa lake la kwanza. Zaidi ya hayo, kuna mashahidi, kwa kuwa mmoja wa wahusika ameandika mwenyewe, jambo ambalo Hürrem, licha ya barua zake, hakutuachia kwa kiasi hicho. Wala si kisa cha ng'ambo kwa watu wa Mombasa. Ukanda wa maili kumi wa pwani ulihesabiwa kuwa milki ya sultani wa Unguja hata baada ya Waingereza kuanza kuusimamia mwaka 1895 na kumlipa kodi kila mwaka, na bendera yake nyekundu ilipepea juu ya Ngome ya Yesu hadi Desemba 1963.

Ninachoogopa ni kwamba mtu akipewa fedha za kutengeneza tamthilia ya nyumba hiyo ataanza na Agosti 1896, kwa sababu ya ile sifa ya vita vifupi kuliko vyote duniani. Sultan Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25, Khalid bin Barghash akaingia kasri siku hiyohiyo, na asubuhi ya tarehe 27, saa tatu, muda waliompa Waingereza ulipokwisha, manowari zikaanza kupiga. Haikufika saa moja. Watu hukitaja kisa hicho kwa kucheka, na picha zake zingependeza. Lakini mtazamaji asiyejua yaliyotangulia angemwona Khalid kama kijana mtundu aliyepora kiti. Tangu baba yake Barghash afariki mwaka 1888, kiti kilikuwa kimepita kwa Khalifa, kisha kwa Ali, wote wana wa Said, kisha kwa Hamad, mjukuu wa Said kutoka Oman, na hakuna kanuni iliyoandikwa iliyosema ni kwa nini huyu na si yule. Baada ya Unguja kuwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, kanuni pekee iliyobaki ilikuwa ridhaa ya konseli wa Kiingereza, na konseli alimtaka Hamoud bin Muhammed. Khalid alifanya alichofanya baba yake mwaka 1856, ila mbele yake hapakuwa na kaka wa kumzingira, bali mizinga.

Alikimbilia ubalozi wa Wajerumani, na Oktoba maji yalipojaa hadi kwenye ngazi wakamchukua kwa mashua bila kukanyaga ardhi ya Unguja, kwa kuwa angekanyaga angekamatwa. Aliishi Dar es Salaam hadi Waingereza walipomkamata mwaka 1916, wakampeleka St Helena na Shelisheli, kisha wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki. Alifariki hapa Mombasa mwaka 1927. Shangazi, nilipomwambia hayo, aliacha kutazama kipindi kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaanza kunihoji ni nani aliyekuwa mkubwa kati ya Khalid na Hamoud, mama zao walikuwa kina nani, na kama marehemu Hamad aliacha wasia. Anashikilia kwamba haki ilikuwa ya Khalid, kwa kuwa baba yake alikalia kiti na baba wa Hamoud hakukikalia. Mimi nasema kwamba katika nyumba ile ubaba peke yake haukutosha hata mara moja, na ushahidi wangu ni Barghash mwenyewe, aliyelazimika kungoja miaka 14.